Boma la Kale, Posta: kuta kwanza, mabango baadaye

Maelfu ya wasafiri wa boti za Unguja hupita mbele ya nyumba hii bila kugeuza shingo. Iko Sokoine Drive, kwenye kona ya Barabara ya Morogoro, ikitazamana na gati la boti. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar aliijenga mwaka 1866 na 1867 ili awalaze wageni wake, wakati ule alipokuwa akianzisha mji wa Dar es Salaam kando ya kijiji cha Mzizima. Majid alifariki mwaka 1870, na ndugu yake Barghash hakuujali sana mji huo. Kasri la Majid halipo tena, ila nyumba ya wageni ingali imesimama. Wajerumani waliigeuza ofisi, na baadaye ikatumiwa na serikali kwa kazi mbalimbali. Ukarabati uliogharamiwa na Umoja wa Ulaya ndio ulioifanya kituo cha urithi wa usanifu majengo wa jiji, DARCH.

Maonyesho ni ya kusoma zaidi: picha, ramani na maelezo ya jinsi mji ulivyokua tangu enzi ya Majid, Wajerumani na Waingereza hadi baada ya uhuru. Ni mazuri, lakini ukianza nayo macho yatachoka kabla hujaiona nyumba yenyewe, na nyumba ndiyo inayostahili safari. Kwa hiyo anzia nje.

Simama kwenye mlango wa nakshi, wa mtindo wa Zanzibar, kisha kagua unene wa ukuta pale ulipokatwa kwa ajili ya mlango. Ni mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa, na chokaa hiyo nayo hupatikana kwa kuchoma matumbawe. Ukuta wa namna hii, wenye nusu mita hivi, hukawia kupata joto, ndiyo maana ndani kuna ubaridi hata jua likiwa kali. Juu kuna matundu ya kutolea hewa ya moto. Mafundi wa wakati huo walijua walichokuwa wakifanya.

Ukishaingia, tazama dari. Katika majengo ya aina hii dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti ndiyo inayoamua upana wa chumba. Kwa kawaida mti ulionyooka na wenye nguvu ya kutosha hutoa urefu wa mita mbili na nusu hadi tatu, basi chumba hakiwezi kuzidi hapo isipokuwa kwa kuongeza nguzo au ukuta. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba za kale za pwani ni virefu na vyembamba. Usidhani mwenye nyumba alikosa kiwanja. Juu ya boriti hupangwa mawe madogo, kisha chokaa inayotwangwa hadi ishikane.

Kagua pia ncha za boriti, pale zinapoingia ukutani. Maradhi huanzia hapo: paa likivuja, maji hutuama ndani ya ukuta, ncha inaoza bila kuonekana, na dari inashuka ghafla. Maradhi ya pili huletwa na saruji. Matumbawe yana chumvi na hunyonya unyevu, na chokaa huuachia unyevu huo utoke. Saruji huuziba, chumvi hujikusanya nyuma ya plasta, na baada ya misimu michache ya mvua plasta inavimba na kubanduka vipande vipande. Mwenye nyumba ya zamani Bagamoyo au Kilwa anayetaka kupiga plasta apite hapa kwanza.

Kisha panda juu. Ukiwa kwenye paa unaiona bandari, na utaelewa haraka kwa nini Majid alipachagua: mlango wa bahari ni mwembamba na ndani maji yametulia. Hapo ndipo mabango ya chini yanapoanza kuwa na maana, kwa hiyo yasome ukishashuka. Saa moja na nusu inatosha. Watoto wadogo watachoka na maandishi, ila wape kazi ya kuhesabu boriti na watakaa.

Kufika si kazi. Panda mwendokasi ushuke Posta ya Zamani, kisha fuata Sokoine Drive ukiwa na maji upande wa kushoto. Utaona Azania Front na Mtakatifu Yosefu, makanisa mawili ya enzi ya Mjerumani, na yote yanafaa kutazamwa. Ukija na gari, maegesho ni shida kwa sababu ya abiria wa boti. Wauza tiketi watakufuata. Waambie kwamba hutasafiri na uendelee kutembea, usimpe mtu kitambulisho wala pesa. Nenda siku ya kazi asubuhi, na uulize kiingilio mlangoni kabla ya kuanza kuzunguka. Kuhusu kamera, omba ruhusa ya mlinzi kabla ya kuielekeza bandarini, kwani bandari na majengo ya serikali havipigwi picha ovyo.

DARCH pia huandaa matembezi ya miguu ya kutazama majengo ya katikati ya jiji. Ukiipata siku ya matembezi, anza na Boma asubuhi na uvae viatu vya kufunga, kwa sababu njia za waenda kwa miguu mitaa ya Posta zimevunjika pengi.