Kozi ya kuuza bila hila: masomo mazuri, saa ya uongo

Nimemaliza kozi hii ya mtandaoni inayowafundisha Wakristo kutangaza biashara kwa uaminifu. Masomo ni saba, na nimeyasikiliza usiku baada ya kazi. Ninashona nguo na kuziuza kwa simu, kwa hiyo nilitaka kitu cha kutumia kesho yake.

Lililonishika ni somo la barua kwa Filemoni. Mistari 25 tu, Paulo akimsihi mtu mmoja ampokee Onesimo, mtumwa wake. Angeweza kumwagiza, anasema hivyo mwenyewe, ila anachagua kumsihi, na kwenye mstari wa 14 anatoa sababu: wema wa Filemoni usiwe wa lazima, uwe wa hiari. Mwalimu alikaa hapo karibu nusu saa. Akauliza, mteja akikukatalia leo, kesho atapokea simu yako? Nilisimamisha sauti. Nilikuwa na mazoea ya kuandika "zimebaki mbili" huku kabatini zipo tisa. Nimeacha. Natamani tu asingeruka mstari wa 19, Paulo anapogusia deni ambalo Filemoni anadaiwa naye. Hapo kusihi kunakaribia kubana, na sisi wauzaji ndipo tunapoteleza.

Somo la mizani ya hadaa, Mithali 11:1, ni fupi na halikunipa jipya. La shuhuda za wateja ni zuri: omba ruhusa, na usikate lalamiko la mtu ukabakiza sifa peke yake.

Sasa linaloniuma. Ukurasa wa malipo una saa inayohesabu dakika 15, kisha punguzo linaondoka. Nililipa zikiwa zimebaki mbili, moyo unadunda, bila kuongea na mume wangu, na matumizi kama haya huwa tunapanga pamoja. Kesho yake nikamfungulia aone nilichonunua: saa imeanza upya, dakika 15, punguzo liko palepale. Huo ni uongo, hata kama kinachouzwa ni chema. Chini yake wameandika kwamba aliyefika hapo ameletwa na Roho Mtakatifu. Muumini akisoma hivyo, kusema hapana anaona kama anamkataa Mungu. Hiari ya Filemoni iko wapi hapo?

Natoa nyota tatu kati ya tano, zote za masomo. Nimemwandikia mwalimu kuhusu saa na yale maneno. Vikiondolewa, nitarudi kuongeza nyota.