Uzoefu wangu: Stesheni ya Pickering na paa lake lililorudishwa

Wengi wanaofika Pickering, mji mdogo wa mashambani huko Yorkshire, Uingereza, huiona stesheni yake kuwa mahali pa kukatia tiketi tu. Wanapanda garimoshi la mvuke na kuondoka zao. Mimi nawashauri mfike mapema, maana stesheni yenyewe ilinipendeza kuliko hata safari.

Kilichonikamata ni paa. Jengo hili lilisanifiwa na G. T. Andrews katika miaka ya 1840, enzi za tajiri wa reli George Hudson, likiwa na paa kubwa lililofunika reli pamoja na majukwaa. Paa hilo liliondolewa mwaka 1952, na likarudishwa kwa umbo lake la zamani mwaka 2011. Simama chini yake injini inapoingia: mvuke unapanda na kutanda juu kama wingu, filimbi inalia na mlio wake unarudi kutoka ukutani mpaka unausikia kifuani. Nje, penye uwazi, hamna kitu kama hicho. Hapo ndipo nilipoona kwamba gharama ya kulirudisha paa ilikuwa halali kabisa.

Stesheni imepangwa ionekane kama ya miaka ya 1930, kuanzia rangi hadi mabango. Nimependa kwamba kila kituo njiani kina zama zake. Goathland ni ya miaka ya 1920, na Grosmont, mwisho wa kilomita 29 za njia hii, ni ya miaka ya 1950.

Wahudumu wengi ni watu wa kujitolea, na inaonekana wazi. Niliuliza swali moja kuhusu makaa ya mawe nikapewa maelezo marefu, matamu, bila haraka yoyote. Njia hii ilifungwa 1965 na ikafunguliwa tena 1973 kwa juhudi za wapenzi wa reli kama hao. Wanastahili heshima.

Safari ni nzuri pia, hasa bonde la Newtondale. Wakati wa kurudi kaeni karibu na injini: kutoka Grosmont kwenda Goathland reli hupanda mita 1 kila mita 49, na utaisikia ikihema. Nguo zitanuka moshi.

Kabla ya kulipa, tazameni ratiba, kwani baadhi ya treni huvutwa na injini za dizeli, na majira ya baridi safari huwa chache.