Nililipa laki na themanini nisaidiwe esei na kuomba vyuo vya Marekani, uzoefu wangu

Wadogo zangu mliomaliza form six naona mnaulizia sana hizi huduma za mtandaoni za kusaidiwa kuomba vyuo vya Marekani. Mimi nilitumia moja nikiwa hapa hapa Mbeya, pakeji 180,000, nikalipa kwa simu, ndani yake wanakukadiria nafasi ya kupata chuo halafu wanakusaidia esei. Jina lao sitaji.

Nianze na makadirio maana ndiyo yaliyoniuma. Unajaza fomu, matokeo yako (mimi PCM, one ya point 6), uongozi shuleni, vyuo unavyotaka, baada ya siku mbili inarudi karatasi ya asilimia. Harvard waliniandikia 62. Usiku ule nilimwamsha mama kumwambia. Kumbe Harvard kwenye waombaji 100 wanaochukuliwa hawafiki hata watano, na hao wanaokataliwa wengi nao ni vichwa kweli kweli, sasa 62 yangu waliitoa wapi? Halafu fomu nzima hakuna swali hata moja la nyumbani mnaweza kulipa kiasi gani, wakati kwa sisi wa huku hilo ndilo swali lenyewe. Vyuo vingi vya kule vikiona mwanafunzi wa nje anaomba msaada wa ada vinaliweka hilo kwenye mizani kabla ya kuamua, vichache tu kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst ndiyo haviangalii. Kwa hiyo chuo walichoniandikia "uhakika" kinaweza kuwa ndicho kigumu kuliko vyote kwa mtoto wa mama muuza viazi Mwanjelwa. Anayekukadiria bila kuuliza hilo anabahatisha, tena kwa hela yako.

Esei sasa. Ile kubwa ya Common App (fomu moja ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi vya kule) mwisho maneno 650, na mimi niliandika kuhusu lumbesa. Mnalijua lile gunia la viazi linashindiliwa mpaka linaota kilemba juu, mkulima wa Isyonje analipwa gunia moja wakati ametoa karibu moja na nusu, na sheria ya vipimo inasema lisizidi kilo 100. Likizo ya form three nilikuwa naazima mzani wa duka la jirani napima yanayoshushwa kwetu, naandika kwenye daftari, moja lilifika kilo 138. Na mnunuzi alikuwa mama yangu mwenyewe.

Waliporudisha sikuitambua. Nimekuwa mtoto anayetembea peku kwenda shule, anachota maji mtoni, anasoma kwa mshumaa. Mimi nimekulia Soweto ya hapa Mbeya mjini, bomba liko uani! Nikamsomea mama kwa Kiswahili akaniangalia, "We mtoto, lini nilikutuma maji mtoni?" Nikawaandikia kwamba huo ni uongo na siutumi, nikakaa wiki nzima bila jibu huku siku zinaisha.

Baadaye wakanipa dada mwingine na huyu namshukuru mpaka leo. Hakugusa sentensi yangu hata moja, aliweka maswali tu pembeni. La tatu lilikuwa, "Ulipomwonyesha mama daftari alisema nini?" Hilo nilikuwa nimelikwepa kwa sababu nilimwonea aibu mama, nikakaa jikoni nikaandika ilivyokuwa, kwamba alinyamaza muda mrefu, akachukua kalamu yangu na pembeni ya kila kilo iliyozidi akaandika hela ambayo mkulima alitakiwa kupewa. Aya hiyo ndiyo ikawa mwisho wa esei.

Kingine hawakuniambia kwamba ukiwa na kipato kidogo unaweza kuomba kusamehewa ada ya maombi, nikalipa vyuo viwili dola 75 kila kimoja ndiyo nikaja kujua. Kuna EducationUSA, ofisi ya ushauri wa kusoma Marekani, pale ubalozi wa Marekani Dar, ushauri wao ni bure, waulizeni kabla hamjatoa hela popote.

Kama wanauza esei peke yake na unapewa yule dada, lipa. Makadirio hapana. Harvard walinikataa mwezi wa tatu, na chuo kilichonichukua pamoja na msaada wa ada ni kidogo, wengi hamjawahi kukisikia, kwenye ile karatasi yao kiliandikwa asilimia 15.