Nauli ya meli ya kitalii: kipi umeshalipia, kipi utadaiwa

Swali ninaloulizwa zaidi tangu nishuke melini halihusu bahari wala kichefuchefu. Ni hili: ukishalipa nauli, umemaliza? Hujamaliza. Ila vile ulivyokwisha kulipia ni vizuri kuliko watu wanavyodhani, na vile utakavyodaiwa vina mtindo wake, ambao ukiushika mapema hakuna atakayekuvizia. Mtindo wenyewe ni huu: tumbo ni la meli, koo ni lako. Chakula kingi kimo ndani ya nauli. Kinachomiminwa kwenye glasi, kinachopita kwenye intaneti na kinachokutembeza nchi kavu kina bei yake.

Nilisafiri na mke wangu kwenye meli kubwa ya kampuni ya kawaida, si zile za kifahari. Kampuni siitaji kwa sababu nina malalamiko nayo, na nia yangu hapa ni kueleza nauli inanunua nini, si kumchafulia mtu jina.

Nianze na chumba, maana hapo hakuna mengi. Bei unayoiona kwenye tangazo ni ya mtu mmoja ndani ya chumba cha watu wawili. Anayesafiri peke yake mara nyingi huishia kulipa karibu nauli mbili, ingawa zipo meli zenye vyumba vya mtu mmoja. Meli ya Norwegian Epic, ya kampuni ya Norwegian, ilianza navyo mwaka 2010. Vyumba vinapanda daraja kutoka cha ndani kisicho na dirisha, cha dirisha, chenye kibaraza, hadi vile vikubwa vya wenye nazo. Aliye chumba cha ndani na aliye kibarazani wanakula meza zilezile, wanaogelea bwawa lilelile, wanatazama maonyesho yaleyale. Tofauti kubwa inaanza kwenye maeneo ya wachache, kama The Haven ya Norwegian au Yacht Club ya kampuni ya MSC, ambako abiria wana mgahawa wao, bwawa lao na mhudumu wa kuwaondolea foleni. Chini ya hapo, unalipia ukubwa wa chumba na upepo tu.

Sasa chakula, ambako nauli inajilipa yenyewe.

Kila meli kubwa ina mgahawa mkuu wa kukaa na kuhudumiwa, na bafe juu karibu na bwawa. Vyote vimo ndani ya nauli, asubuhi, mchana na jioni. Watu wengi hujazana kwenye bafe na kuuacha mgahawa mkuu wakidhani ni wa kulipia kwa sababu una vitambaa vya mezani na wahudumu waliochomekea. Ni wa kwako! Unapewa karatasi ya vyakula inayobadilika kila jioni, unaagiza cha kuanzia, chakula chenyewe na kitamutamu. Na hakuna anayekuhesabia sahani. Mke wangu akishindwa kuchagua kati ya samaki na kondoo aliagiza vyote viwili, mhudumu akaandika bila hata kuinua macho. Supu hujaipenda? Inaondolewa, inaletwa nyingine. Ukichagua zamu maalumu, kwa kawaida ya kwanza ni kuelekea saa kumi na mbili jioni na ya pili saa mbili usiku, unakaa meza moja na wahudumu walewale safari nzima, na baada ya siku chache wanajua nani hali maziwa na nani anataka pilipili pembeni. Zipo kampuni zinazokuruhusu kuingia muda wowote. Norwegian ndiyo iliyoutangaza mtindo huo kwa nguvu tangu mwaka 2000. Mimi nilichagua zamu na sijuti. Kula na mhudumu anayekujua ni raha ambayo bafe haina.

Angalia tu kitu kimoja kwenye ile karatasi. Chini kabisa, kwa maandishi madogo kuliko mengine, kulikuwa na nyama ya steki na kamba mkubwa vyenye namba pembeni. Namba hiyo ni bei. Ndani ya mgahawa uliokwisha kuulipia, kwenye karatasi ileile, kuna sahani mbili tatu za kulipia. Mhudumu wetu, mtu muungwana sana, hakusema neno kuhusu namba ile, na jirani yetu wa meza alishangaa alipoletewa risiti ya kusaini.

Kando ya hiyo kuna migahawa maalumu: ya steki, ya Kiitaliano, ya Kijapani. Hii unalipia kiingilio kwa kichwa, au unalipa kila sahani. Tuliingia mmoja. Nyama ilikuwa nzuri, ukumbi ulikuwa kimya, na huduma ilikwenda taratibu kwa makusudi. Je, ilizidi mgahawa mkuu kwa kiasi cha bei ile? Kwangu hapana. Kama ni siku ya kumbukumbu ya ndoa, ingieni mchana wa siku ya kukaa baharini, ambapo mingi hufunguliwa kwa bei nafuu kuliko usiku. Siku ya kwanza wanauza punguzo kwa sauti kubwa kweli. Nilisimamishwa na wauzaji kabla hata sijaliona begi langu. Hilo ni lalamiko langu la kwanza. Piza, aiskrimu ya mashine na vitafunio vya mchana kwa kawaida ni bure. Chakula cha kuletewa chumbani kilikuwa bure zamani, lakini kampuni kadhaa sasa zinatoza ada ya kuleta, zikiacha bure kifungua kinywa chepesi tu cha mikate na chai.

Kwenye koo ndipo pesa inapotoka. Ndani ya nauli utapata maji ya bomba, chai, kahawa ya kawaida na juisi ya asubuhi. Soda haimo. Kahawa ya mashine yenye povu haimo. Pombe haimo. Tulipoingia chumbani tulikuta chupa mbili za maji juu ya meza, zimepangwa vizuri pembeni ya glasi, kila moja imevishwa kikaratasi shingoni. Ukiisoma harakaharaka unadhani ni salamu za kukaribishwa. Ukiigeuza unakuta bei. Tuliziacha palepale mpaka mwisho, na kila asubuhi mhudumu alizisogeza, akafuta vumbi, akazirudisha.

Kuhusu kifurushi cha vinywaji, yaani kulipia mapema ili usitozwe kila glasi, piga hesabu yako mwenyewe usisikilize mtu. Kampuni nyingi zinadai watu wazima wote wa chumba kimoja wanunue, si mmoja tu. Mke wangu hanywi pombe, kwa hiyo kwetu hesabu iliishia hapo. Pili, bei inayotangazwa huongezewa tozo ya huduma, kwa kawaida asilimia 18 hadi 20. Tatu, kinaweza kuwa na kikomo: kampuni ya Carnival, kwa mfano, inaweka pombe 15 kwa saa 24, idadi ambayo mtu akiifikia ana shida nyingine. Kifurushi kinamlipa anayekunywa tangu asubuhi bwawani mpaka usiku kwenye dansi, tena siku za kukaa baharini. Siku meli ikiwa bandarini na wewe uko mjini, umelipia glasi usiyoigusa.

Ukinunua kimoja kimoja, soma risiti kabla ya kusaini. Ya kwetu ya baa ilikuwa na bei ya kinywaji, chini yake tozo ya huduma imeshaongezwa, chini yake jumla, halafu mstari mtupu ulioandikwa bakshishi ya ziada. Ule mstari mtupu ni hiari kabisa. Bakshishi imeshakatwa hapo juu. Wahudumu wa baa ni watu wazuri na ukitaka kumwongezea mtu ni sawa, ila uongeze ukijua.

Na hapa ndipo lilipo lalamiko langu kubwa. Kampuni kubwa nyingi za Marekani hukata bakshishi ya kila siku kwa kila abiria, mtoto naye akiwemo, kwa ajili ya wahudumu wa vyumba na wa mgahawa. Ni dola 16 hadi 20 hivi kwa mtu kwa siku, na vyumba vikubwa hulipa zaidi. Zidisha kwa watu wanne kwa wiki nzima uone. Sina tatizo na kuwalipa watu wale, wanafanya kazi kupita kiasi. Tatizo langu ni kwamba kitu anachokatwa karibu kila abiria hakimo kwenye bei ya tangazo. Sheria ya California iliyoanza Julai 1, 2024 inakataza kutangaza bei isiyojumuisha ada za lazima, na kampuni kubwa zikaanza kuonyesha kodi na tozo za bandari ndani ya bei. Bakshishi ikabaki nje, kwa hoja kwamba ni hiari. Mapokezi kwenye meli yetu walikuwa na foleni ya watu wanaoulizia hiyo hiari. Ushauri wangu: lipa kabla ya safari pamoja na nauli, uihesabu kama nauli, na usibishane na mtu ukiwa melini.

Intaneti ni ghali na ni ya kifaa kimoja kimoja. Kasi imeboreka sana tangu kampuni nyingi zifunge Starlink, intaneti ya setilaiti. Tulinunua ya simu moja tukapokezana, na ndoa bado ipo.

Burudani zimo kwenye nauli: maonyesho ya jukwaani, muziki, bwawa, jakuzi, chumba cha mazoezi. Klabu za watoto nazo ni bure mpaka kama saa nne usiku, halafu kwa kawaida wanaanza kutoza kwa saa. Spa, kasino na picha za yule mpigapicha anayekuvamia ngazini ni za mfukoni. Zoezi la usalama nalo limo, tena halikwepeki. Baada ya ajali ya meli ya Costa Concordia Januari 2012, kanuni za kimataifa zilibadilishwa ili lifanyike kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Zahanati ya meli ipo lakini kila unachoguswa unalipia, na bima nyingi za nyumbani hazifiki huko. Nunua bima ya safari.

Ziara za nchi kavu hazimo pia, na hapa nitaitetea meli kidogo. Ukinunua ziara kwao na basi likachelewa, meli inakungoja au wanagharamia kukufikisha bandari inayofuata. Ukitafuta dereva mwenyewe bei inaweza kushuka sana, lakini saa ya kurudi ni jukumu lako. Mahali ambapo bandari iko katikati ya mji, shuka utembee kwa miguu. Mahali ambapo kivutio kiko saa mbili kutoka gatini, lipia amani ya moyo.

Kuna marupurupu ambayo watu wapya hatuyajui. Kila usiku unaolala melini unakupa pointi kwenye mpango wa wateja wa kudumu, lakini lazima ujiandikishe. Ngazi za chini hazina maana: kuponi na pini ya kifuani. Raha inaanza juu. Kwa Royal Caribbean, anayefikisha pointi 80 anaingia ngazi ya Diamond na kupewa vinywaji vinne kwa siku bila malipo, yaani nusu ya hoja ya kifurushi imeshakufa. Mwenye hisa 100 za kampuni mama yao anaweza kuomba salio la kutumia melini kwa kila safari. Mawakala wa safari nao hutoa salio kama hilo. Uliza kama linarudishwa kwa fedha taslimu, kwa sababu lisilorudishwa hufutika usiku wa mwisho, ndiyo maana duka la melini linajaa watu usiku huo wakinunua kofia.

Na haki nazo ni sehemu ya ulicholipia. Mwaka 2013 chama cha kampuni za meli za kitalii, CLIA, kilitoa orodha ya haki za abiria: safari ikifutwa kwa hitilafu ya mitambo unarudishiwa nauli yote, ikikatishwa njiani unarudishiwa sehemu. Lakini meli ikiruka bandari kwa sababu ya upepo, mkataba unawaruhusu. Sisi tulirukwa bandari moja, na tulichorudishiwa ni tozo ya bandari hiyo tu, ikaingizwa kimyakimya kwenye akaunti ya chumba, inakoandikwa kila unachotozwa.

Anayechukia kuhesabu atazame kampuni zenye nauli pana. Viking, kwa safari zake za baharini, inajumuisha intaneti, bia na mvinyo wakati wa chakula cha mchana na cha jioni, na ziara moja kila bandari, na haipokei walio chini ya miaka 18. Regent Seven Seas inaongeza vinywaji vyote, migahawa maalumu, bakshishi na ziara nyingi. Virgin Voyages, nayo ya watu wazima tu, haina kiingilio kwenye migahawa yake. Nauli zao ni za juu, wakati mwingine juu sana, na kama hunywi na unapenda kuzunguka mji peke yako, utakuwa unamlipia jirani.

Sisi tukirudi, ni kampuni ya kawaida tena, chumba cha ndani, bakshishi ikilipwa mapema, bila kifurushi chochote. Kitu kingine ni kufungua akaunti ya chumba kwenye runinga kila usiku. Tulikuta tumetozwa kahawa mbili za mtu mwingine, na mapokezi walizifuta papo hapo. Asubuhi ya kushuka, foleni ya waliokuja na malalamiko kama hayo ilikuwa imefika kwenye lifti.