"Malaika": wimbo mtamu wenye ujumbe ninaoukataa

Kwa miaka mingi nimebaki kitini kila bendi inapoanza kupiga "Malaika" ukumbini, wageni wote wakiwa wamesimama na kuimba huku wamefumba macho, na sijawahi kueleza sababu kwa kuchelea kuwaharibia wenye shughuli furaha yao. Sababu ni maneno ya wimbo wenyewe.

Kabla ya kuandika tathmini hii nimeusikiliza upya kwa sauti ya Fadhili William, aliyeurekodi Nairobi miaka ya 1960, kisha kwa sauti ya Miriam Makeba, aliyeufikisha mbali kuliko mtu mwingine yeyote. Kimuziki sina la kulalamikia. Gitaa halina haraka, sauti inapanda na kushuka kama mtu anayevuta pumzi ndefu, na hata Boney M walipoutia mdundo wa disko mwaka 1981 huzuni yake haikupotea.

Anachosema mwimbaji ni hiki: anampenda binti, hana mali, kwa hiyo ameshindwa. Anasema "ningekuoa", na hiyo "-nge-" imekwisha kufunga mlango kabla binti hajabisha hodi. Katika lugha yetu mwanamume huoa na mwanamke huolewa, nami silaumu sarufi, lakini katika wimbo mzima huyu anayependwa hatendi jambo lolote. Mara anaitwa malaika, mara anaitwa kidege, viumbe viwili vinavyotazamwa kutoka chini na visivyotarajiwa kujibu. Mahali pekee anapokuwa binadamu ni katika maneno "kijana mwenzio", ambayo kwangu ndiyo mazuri kuliko yote, kwa kuwa yanakiri kwamba wawili hawa ni sawa na shida ni yao wote. Hapo hapo kijana anauliza, "Nami nifanyeje?" Swali limeelekezwa kwa binti waziwazi, lakini jibu lake halisikiki popote.

Mimi nilikuwa na jibu. Mchumba wangu alipoleta barua ya posa, mshenga alitajiwa mahari, mkaja wa mama na kilemba cha baba, na jumla yake ilizidi mshahara wa mwaka mzima wa mwalimu wa shule ya msingi, kazi aliyokuwa akiifanya. Alipotea miezi saba. Aliporudi aliniambia, karibu kwa maneno yale yale ya wimbo, kwamba hana mali na hana la kufanya, na nilichoumia si ufukara wake bali kwamba alikuwa ameamua peke yake jambo lililotuhusu wote wawili. Nilikuwa na cherehani, zamu yangu ya upatu ilikuwa inakaribia, na nilikuwa na mjomba ambaye baba alimsikiliza. Nilikwenda kwa mjomba mwenyewe, akazungumza na wazee, mahari ikapunguzwa na sehemu iliyobaki ikalipwa baada ya ndoa. Siku ya harusi bendi ilitupokea mlangoni kwa "Malaika", nami niliingia nikilia, na wageni wakadhani ni machozi ya furaha.

Najua wapo watakaosema kwamba wimbo unaeleza tu hali ya zamani. Utunzi wake wenyewe unabishaniwa, na wanaomtaja Adam Salim kuwa mtunzi husimulia kwamba binti aliyemkusudia aliozwa na wazazi wake kwa mtu tajiri. Kama ndivyo, huzuni ile ni ya kweli na naiheshimu. Ila hata katika simulizi hiyo aliyeozwa ni binti, na sisi tumeachiwa kilio cha kijana peke yake. Tena tangu wakati huo mambo yamebadilika: Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inatamka kwamba ndoa haibatiliki kwa sababu tu desturi ya mahari haikutimizwa, na kwa sisi Waislamu mahari ni haki ya bibi harusi mwenyewe, naye anaweza kuridhika na kidogo au kuisamehe. Mtu ambaye fedha hiyo ni yake angepaswa kuulizwa kwanza, na wimbo unawafundisha vijana wetu kinyume chake, kwamba kukata tamaa kimyakimya ndiyo dalili ya mapenzi makubwa.

Kwa mtu anayetaka kusikiliza nyumbani, rekodi ya Fadhili William ndiyo ningemchagulia, kwa sababu haina mapambo na maneno yanasikika moja moja, kiasi kwamba huwezi kuyakwepa. Kwa harusi siupendekezi hata kidogo, kwani ni wimbo wa ndoa iliyoshindikana. Mpwa wangu anaolewa mwezi Desemba, na kamati imekwisha kuuweka katika orodha ya nyimbo za kuingilia ukumbini. Nimezungumza na mpiga kinanda, naye amekubali kuupiga bila mwimbaji. Safari hii nitasimama.