Keria ya nyuma kwa SUV ndogo: pauni 500 za kwenye boksi si za gari lako

Keria za kuchomeka nyuma ya gari (trei za kubebea mizigo) zinazouzwa Marekani na Kanada nyingi zimebandikwa namba moja: pauni 500, yaani kilo 227. Namba hiyo si uongo, ila inaizungumzia keria peke yake, kwamba chuma chake na viungo vyake havitapinda. Haina habari na SUV ndogo kama RAV4, CR-V au Forester itakayoibeba.

Kinachoamua ni mzigo wa wima, yaani uzito ambao mtengenezaji wa gari ameruhusu ukandamize mdomo wa chuma cha kuvutia tela, lile tundu la mraba keria inamochomekwa. Kwa magari haya, mara nyingi ni asilimia 10 ya uzito wa tela linaloruhusiwa. CR-V ya petroli inavuta pauni 1,500, kwa hiyo mdomo unabeba 150, sawa na kilo 68. CR-V ya haibridi ya kuanzia 2023 inavuta 1,000 tu. Hapo hesabu yako ni kilo 45. RAV4 za petroli za 2019 hadi 2025 ni 1,500 kwa matoleo ya kawaida, lakini Adventure na TRD Off-Road ni 3,500. Majirani wawili wenye RAV4 za mwaka mmoja na rangi moja wanaweza wakatofautiana zaidi ya mara mbili, kwa hiyo usimuulize jirani. Fungua kitabu cha gari lako, sura ya kuvuta tela, utafute toleo lako kwa jina.

Fundi akikufungia chuma cha kuvutia tela cha daraja la III, ambacho ni imara zaidi, badala ya daraja la I, gari halijaongezewa hata kilo moja. Kilichoongezeka ni uimara wa chuma chenyewe. Namba ndogo kuliko zote, kati ya gari, chuma na keria, ndiyo inayotawala.

Sasa toa uzito wa keria, kwa sababu nayo ni mzigo. Trei ya chuma ya inchi 60 kwa 20 huwa karibu kilo 25. Kwenye kilo 68 zinabaki 43: masanduku mawili ya nguo na boksi la barafu, basi. Trei ya alumini ya inchi 48 au 49 iko karibu kilo 15, na inakuachia 53. Hizo kilo 10 kwenye pikapu hazina maana. Kwenye CR-V ni karibu robo ya zile kilo 43 zilizobaki. Ndiyo maana kwa magari haya tunaweka alumini mbele, hata kama bei yake imepanda kidogo na hata kama ile ya chuma inaonekana ngangari zaidi dukani. Trei ya alumini ya MaxxHaul, inchi 49 kwa 22.5 yenye kingo ndefu, ni mfano mzuri wa umbo linalofaa: fupi kwa upana, lakini ina kina cha kutosha kulaza sanduku. Za inchi 60, kama za Curt, ni imara na hazitokezi nje ya ubavu wa gari, ila ukubwa wake unakushawishi ujaze.

Kujaza kuna matokeo yanayoonekana kwenye usukani. Chukua kilo 68, katikati yake ikiwa mita 1.5 nyuma ya ekseli ya nyuma, kwenye RAV4 ambayo ekseli zake zimeachana mita 2.69. Mzigo unafanya kazi kama mtarimbo: ekseli ya nyuma inaongezewa kilo 106 hivi, na ya mbele inapunguziwa 38. Pua inainuka, usukani unakuwa mwepesi, taa za mbele zinawapiga wanaokuja usoni, na magari mengi ya aina hii huvutwa na magurudumu ya mbele, yale yale yaliyopunguziwa uzito. Ongeza abiria watatu nyuma na buti iliyojaa, uone springi zinavyolala. Kwa hiyo vitu vizito kama vifaa, maji na chakula cha makopo vipangwe ndani, nyuma ya migongo ya viti. Nje viende vyepesi vyenye umbo kubwa: mahema, magodoro, mifuko ya nguo, kigari cha mtoto.

Kuhusu mdomo wenyewe, upo wa inchi 1¼ na wa inchi 2. Kama bado hujafunga chuma, funga cha inchi 2. Si kwa ajili ya uzito, ni kwa ajili ya soko, kwani keria nyingi na vifaa vya baiskeli vingi vinatengenezwa kwa kipimo hicho. Ukiwa tayari na cha inchi 1¼, tafuta keria ya kipimo hicho hicho kuliko kununua kipande cha kubadilishia. Kipande kinasogeza mzigo nyuma zaidi, kinaongeza kiungo cha kucheza, na vipande vya kurefusha kwa kawaida hupunguza uwezo kwa nusu. Pini nazo si sawa: mdomo wa inchi 1¼ unatumia pini ya nusu inchi, wa inchi 2 unatumia ya inchi 5/8. Pini nyembamba kwenye tundu pana itaingia bila shida, kisha itagonga njia nzima na kulipanua tundu.

Kabla ya kulipia, pima vitu viwili nyuma ya gari. Kwanza, kutoka katikati ya tundu la pini hadi sehemu ya bampa iliyochomoza kuliko zote, ulinganishe na urefu wa mkono wa keria (kile chuma kinachoingia mdomoni) ili trei isiguse bampa. Pili, kutoka mdomoni hadi ardhini. SUV ndogo nyingi zina mdomo ulioning'inia chini, na mkono ulionyooka utakwangua kila ukiingia kwenye njia ya nyumba yenye mwinuko. Chagua mkono uliopinda kwenda juu. Kisha fungua mlango wa buti uone unapita wapi. Kwa trei tupu mara nyingi unafunguka. Ikiwa na mzigo haufunguki, na ule unaofunguka kwa kupitisha mguu chini ya bampa uzimwe usije ukajigonga wenyewe.

Trei ya kukunjwa ina faida yake kwenye maegesho, ila bawaba yake ni uzito mwingine na mchezo mwingine, na ikisimama inaziba kamera. Kwa anayeitumia mara mbili tatu kwa mwaka, ni afadhali isiyokunjwa, akaichomoa.

Malalamiko makubwa kwa keria zote, za bei yoyote, ni kuyumba. Mkono lazima uwe mwembamba kidogo kuliko mdomo ili uingie, na nafasi ya milimita moja pale inakuwa sentimita kadhaa kwenye kona ya trei. Dawa ni kibanio cha kukaza, bolti yenye umbo la U na bamba lake, inayoubana mkono na mdomo pamoja. Baadhi ya keria huja nacho; kama hakimo, kinunue siku hiyo hiyo. Wakati wa kuunganisha, ingiza bolti zote kwa mkono kwanza, nyoosha trei iwe mraba, ndipo ukaze kwa spana. Ukikaza moja moja tangu mwanzo, ya mwisho haitaingia. Baada ya kilomita 80 hivi za kwanza, kaza tena zote.

Ekzosi husahaulika. Bomba likitoa hewa chini ya kona ya trei, begi la plastiki linayeyuka na mkanda unakatika bila sauti. Weka kipande cha bati kati ya bomba na trei, au acha kona hiyo wazi.

Angalia pia taa na namba ya gari. Zikizibwa, polisi ana sababu ya kukusimamisha, kwa hiyo nunua keria yenye nafasi ya kufunga taa na namba, na waya wa tela wenye soketi ya pini nne. Sensa za nyuma zinaweza kupiga kelele kila ukirudi nyuma, na gari lenye breki ya kujifunga yenyewe wakati wa kurudi nyuma linaweza kugoma kurudi mpaka uizime.

Begi lolote lililoandikwa kwamba halipitishi maji, lipokee kwa tahadhari. Magurudumu yanarusha maji kwenda nyuma na juu, hivyo zipu inashambuliwa kutoka chini, si kutoka mbinguni. Funga vitu kwenye mifuko mizito ya plastiki kabla ya kuviweka ndani ya begi, na tandika mkeka wa mpira juu ya wavu, vinginevyo wavu utalitoboa begi kwa kusugua. Fungia kwa mikanda ya racheti kwenye fremu, si kwenye wavu, na achana na mipira yenye kulabu: inavutika mzigo unaporuka.

Kwa wanaopeleka mapipa ya kutuma nyumbani Mombasa au Dar: pipa la galoni 55 lina kipenyo cha inchi 23 hivi, halikai kwenye trei ya inchi 20, na likijazwa viatu, nguo na sabuni linamaliza mzigo wa wima peke yake. Lipeleke likiwa tupu, ulijazie kwa wakala.

Ukilinganisha na boksi la juu ya paa, keria ya nyuma inashinda kwa mafuta. Takwimu za serikali ya Marekani zinaonyesha boksi kubwa la paa hupunguza umbali unaopata kwa galoni moja kwa asilimia 10 hadi 25 kwenye mwendo wa maili 65 hadi 75 kwa saa. La nyuma hupunguza asilimia 1 hadi 5 kwenye barabara kuu.

Mnaokaa kwenye majimbo ya theluji, msiiache keria mdomoni miezi yote ya baridi. Chumvi ya barabarani inaingia kati ya mkono na mdomo, kutu inavigandisha, na ifikapo Aprili unahitaji nyundo. Ichomoe, ifute, upake mkono grisi kidogo, na mdomo uzibe kwa kifuniko cha plastiki.