Kikomo kimoja cha muda kwa majaribio yote ya kodi, au jaribio zito lipewe chake?

Zana za kujaribu kodi ya JavaScript zina vikomo vyake: Jest huliwekea kila jaribio sekunde 5, Mocha sekunde 2 tu, Playwright 30. Jaribio linalojaza hifadhidata au kusubiri seva iwake huvuka hapo bila taabu. Ufanyeje?

Wengi hupandisha kikomo cha jumla. Ni mstari mmoja kwenye faili la mipangilio, basi. Tabu huja baadaye: ukiweka sekunde 60, hata jaribio la kujumlisha namba mbili limepata dakika nzima. Majaribio 20 yakikwama kwa mfuatano, kila moja likingoja jibu lisilokuja, dakika 20 zimekwenda bure.

Njia ya pili ni kuliongezea muda jaribio zito peke yake. Katika Jest unaongeza milisekunde mwishoni mwa `test(...)`, baada ya funksheni, katika Mocha unaandika `this.timeout(60000)`, ila usitumie funksheni ya mshale (`=>`), maana `this` ya Mocha haitafika ndani yake. Anayesoma kodi anaona papo hapo lipi ni zito. Mimi huchagua hii karibu kila mara.

Lugha ya Go ina mkondo wake: `go test` husimamisha majaribio ya paketi nzima baada ya dakika 10 na kuchapisha kila gorutini (uzi mwepesi wa kazi ndani ya Go) ilikokuwa imekwama. Hapo kikomo cha jumla kinasaidia kweli. Hata kwenye GitHub Actions, huduma ya GitHub inayoendesha majaribio yenyewe, kiweke, kwa `timeout-minutes`; usipoiandika, kazi iliyokwama inaweza kukaa dakika 360.